Choo cha Manowari Isiyojengwa

Wanangu, mimi kazi ya kuunda meli nilianzia chooni. Nalisema hili mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu huko mbele tutarudi chooni tena, na hapo sitaki kelele.

Mliponiomba niandike machache juu ya kazi yetu, mmoja wenu aliongeza swali lake: ile dadu moja iliyomo kwenye droo ya tupa ni ya nani, na kwa nini Bi Zuwena, yaani mimi, kila akija kututembelea huifungua droo kutazama kama bado ipo? Nitafika kwenye dadu. Lakini sijui kufika mahali bila kupitia kwingine, na mlionizoea mnalijua hilo.

Karakana yetu ya kwanza haikuwa na viyoyozi kama hii yenu. Ilikuwa Mutrah, mjini Muscat, katika uchochoro nyuma ya soko, nyumba ya chini yenye ua, na ukipanda darini unaiona Bandari ya Sultan Qaboos yote. Tuliunda meli ndogo za kuwekwa kwenye vioo: majahazi kwa ajili ya majlis za watu, yaani vyumba vya wageni, meli za mafuta kwa ajili ya maofisi. Mwenyewe alikuwa Ami Khalfan, fundi aliyezaliwa Unguja kama mimi, aliyeanza maisha kwa kuchonga masanduku ya maarusi. Hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa akijuana na baba yangu, na kwetu hiyo inatosha.

Siku niliyokwenda kuomba kazi hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitazama vidole.

"Vyembamba," akasema. "Utafanya zuli."

Zuli, kwa ambaye hajapata kuliona jahazi kubwa la zamani, ni choo. Ni kisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje ya ubavu, huku nyuma kwenye shetri, chini kina tundu, na kazi iliyobaki inafanywa na bahari. Katika jahazi la kuwekwa mezani zuli huwa ndogo kama kidole gumba, na fundi mwenye mikono minene huivunja kabla hajaimaliza. Basi mwaka wangu wa kwanza wote nilichonga vyoo. Wenzangu wa shule wakiniuliza nafanya kazi gani nikiwaambia ninaunda meli, na siku zote nilitamani wasiulize sehemu gani.

Ami Khalfan alikuwa akizikagua zuli zangu kwa sindano. Anaipitisha kwa juu, na isipotokea chini ananirudishia.

"Hii haina tundu, mwanangu."

"Ami, tundu nani ataliona? Liko chini."

"Zuli bila ya tundu ni kabati. Mimi sikukuajiri ufanye makabati."

Nilikasirika, siwafichi. Lakini mpaka leo nikichonga dirisha hutoboa, nikiweka mlango hufunguka. Ninyi mashine yenu inayokata kwa mwanga inatoa madirisha ya meli nzima kabla chai haijapoa. Siisemi vibaya hiyo mashine. Haipigi chafya, haiombi ruhusa ya kwenda harusini. Ninachosema ni kwamba hufanya uliloiambia, na Ami Khalfan hakuwahi hata siku moja kufanya alichoambiwa, na bila ya tabia yake hiyo nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia.

Kabla sijasahau, rangi. Mpaka rangi wetu alikuwa Ochieng, Mkenya wa Kisumu, aliyekuja Oman kupaka magari akatuangukia sisi. Alitufundisha kwamba ukichukua rangi ileile ya meli kubwa ukaipaka kwenye meli ndogo, itaonekana nzito, kama imetumbukizwa kwenye lami. Uichanganye na nyeupe kidogo. Wewe unaunda meli iliyo mbali, alikuwa akisema, na kitu kilicho mbali hupauka. Nawaona mnanunua makopo mnapaka moja kwa moja. Acheni.

Na jambo la pili, ambalo naona mmeliacha kabisa, ni kushua. Kwa Ami Khalfan hakuna chombo kilichotoka karakana kabla ya kushuliwa. Uani kulikuwa na hodhi ya saruji. Meli ikikauka rangi, mwenyewe anaitwa, ubani unawekwa, halwa inafunguliwa, kahawa inamiminwa, na mwenye meli anapiga magoti na kwa mikono yake mwenyewe anaiteremsha majini. Ikikaa sawa, tunakula halwa. Ikilala upande, tunakula halwa, kisha inarudi mezani kuongezwa risasi za nyavu tumboni.

Nakumbuka bwana mmoja wa Bawshar, mwenye kanzu nyeupe kama maziwa, aliyeletewa meli yake ya mafuta ikainama kidogo sana, labda upana wa ukucha.

"Si neno, mzee," akasema. "Hii itakaa ndani ya kioo."

"Na kioo kikijaa maji?" akauliza Ami Khalfan.

Yule bwana akaiacha meli wiki nzima nyingine.

Sasa Bwana Tamura. Alitujia katikati ya miaka ya tisini. Alikuwa Mjapani, mhandisi wa mabomba katika kampuni moja ya mambo ya maji, mtu mwembamba, mpole, anayevua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Kabla ya Muscat alikuwa amefanya kazi miaka mingi Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, kila neno mahali pake. Alisema alipita uchochoroni akatusikia tunagombana kwa Kiswahili, akafurahi.

"Hamjambo nyote," akasema. "Ninaomba kuundiwa meli ambayo haipo."

"Imezama?" akauliza Ami Khalfan.

"Haikujengwa."

"Itajengwa lini?"

"Haitajengwa. Ilitakiwa ijengwe zamani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia."

Ami Khalfan akanigeukia taratibu. "Zuwena, mpe mgeni kahawa," akasema. "Kali."

Bwana Tamura akanywa kahawa yake, akatandaza michoro sakafuni, akatueleza. Huko kwao walikuwako watu, yeye mmoja wao, ambao mapumziko yao ni kuuliza: wakati ule wa vita, lau wahandisi wetu wangefanya hivi badala ya vile, ingekuwaje? Wengine walijiundia ndege, wengine nyambizi. Bwana Tamura alishughulika na kruza nyepesi tu, manowari isiyo kubwa wala ndogo, yenye mbio. Alisema kosa la zile za kweli ni kwamba zilibebeshwa mizigo mingi mno juu, na mizinga ya kupigia ndege ikawa michache. Kwa hiyo yeye huziunda upya kwa karatasi. Anapunguza mnara mmoja wa mizinga, anaondoa topido, yale makombora ya chini ya maji, anashusha daraja la nahodha, anakigawa chumba cha mashine. Sharti lao ni moja: usitumie chuma, injini wala akili ambayo haikuwako wakati ule. Halafu wenzake wanaishambulia meli hiyo kwa dadu na hesabu, na mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule, anaamua. Bwana Tamura alikuwa akimwita Hakimu.

"Na meli zako zinashinda?" akauliza Ochieng.

"Zinazama. Zote. Mara nyingine zinachelewa kuzama."

"Sasa mbona unaendelea, boss?"

Hapo Bwana Tamura akazungusha kikombe. Kisha akasema alikuwa na kaka, jina lake Isamu, aliyekuwa akifanya kazi katika chumba cha mashine cha kruza nyepesi, na meli hiyo ilizama kusini huko mbali, na wa chumba cha mashine hakutoka hata mmoja. Yeye Tamura alikuwa mtoto mdogo. Kaka yake alipoondoka alimwachia viatu vyake vya ngozi, akamwambia avitunze, akirudi atazame kama vinamtosha.

"Vilinitosha," akasema Bwana Tamura. "Kisha vikanibana. Yeye hakurudi."

Ami Khalfan alimwongezea kahawa, safari hii na halwa.

"Mimi sitaki meli ishinde vita," akaendelea. "Vita vile tulistahili kushindwa. Mimi nataka mtu mmoja atoke."

Akatuonyesha kwa kidole. Katika kila mchoro wake kulikuwa na ngazi, kutoka chumba cha mashine moja kwa moja hadi sitaha ya nyuma, karibu kabisa na shetri. Ilikuwa imechorwa vizuri kuliko kitu kingine chochote, kila daraja, na kifuniko cha kutokea juu yake. Mara zote Hakimu aliikubali ngazi. Lakini baharia wa mashine haachi mashine katikati ya mapigano akapanda kwa sababu mdogo wake anataka. Lazima sababu iwe ndani ya meli yenyewe. Na kila mwaka Hakimu alimuuliza swali lilelile: "Anapanda kufanya nini?"

Bwana Tamura alishajaribu kila kitu. Aliweka valvu ya mvuke juu ili Isamu apande kuifungua, Hakimu akasema hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Aliweka sanduku la vipuri, Hakimu akasema hilo hukaa chini. Sasa karatasi zimemchosha. Alitaka meli ya mti, aione kwa macho, apitishe kidole kwenye ngazi, labda sababu itaonekana. Kisha ataipeleka kwenye mkutano wao.

Tukaifanya. Ilikuwa ndefu kuliko mimi nikilala. Mwili tuliuchonga kwa msaji, minara ya mizinga kwa mti wa mkunazi kwa sababu haupasuki, vizuizi vya sitaha nilivisuka kwa nyaya za gitaa bovu la Ochieng. Hapa kuna jambo la kujifunza: waya mwembamba usiukate kwa koleo, utabonyea ncha. Ulaze juu ya kioo, uubingirishe chini ya kisu. Ochieng alichanganya kijivu siku nzima, akiinua kidole kilichopakwa dhidi ya mwanga wa bandarini, akiridhika na kughairi.

Kazi yetu yote ya nyuma tulikuwa tukiikagua kwa picha. Meli ya mafuta ya kampuni ina picha zake, ukikosea bomba watakwambia. Meli isiyokuwako haina picha. Tulikuwa na michoro ya Bwana Tamura tu, na Ami Khalfan alikuwa mtu wa kusoma mchoro kama barua ya posa, anatafuta kisichosemwa.

Asubuhi moja aliniita.

"Mwanangu, hebu njoo uniangalilie. Macho yangu haya. Hapa nini?"

"Ghala la mchele, ami."

"Hapa?"

"Pa kufulia nguo."

"Hapa?"

"Bafu la maofisa."

"Na choo kiwapi?"

Nikatafuta. Ochieng akaja naye akatafuta. Tulipitisha vidole kutoka omo hadi shetri, juu na chini. Bwana Tamura alikuwa amechora hata mahali pa kuning'iniza makoti, lakini choo hakuwa amekichora. Nadhani mtu anayechora ngazi ya kumtolea kaka yake hana nafasi ya kufikiria mambo hayo.

"Watu wote hawa," akasema Ami Khalfan, "wali wanakula, nguo wanafua. Wanakwendapi?"

"Labda amesahau tu, mzee," akasema Ochieng. "Tumuulize."

"Umuulize mtu mzima aliyefiwa habari ya choo? Huna haya?" Akafikiri. "Zuwena, tia zuli. Mbili, moja kila ubavu, isije ikalala upande."

"Ami, hii manowari."

"Manowari haina watu?"

"Lakini huko kwao ni baridi," Ochieng akasema. "Mtu atakaa nje aje, na upepo wote huo?"

"Atafanya haraka."

Basi nikachonga. Zuli huwa ya mwisho kufungwa katika chombo, ndivyo nilivyofundishwa, kwa hiyo Bwana Tamura hakuziona alipokuwa akija kukagua. Nilizipa milango yenye bawaba za waya, na matundu yanayopitisha sindano. Ochieng alizipaka kijivu kilekile. Wallahi zilipendeza. Zilikaa pale nyuma ya mizinga kwa adabu, kama zimekuwako tangu siku ya kwanza, na karibu nazo kulikuwa na kifuniko cha ile ngazi. Hilo la kifuniko sisi hatukulitazama. Kwenye shetri hapakuwa na nafasi nyingine.

Siku ya kushua Bwana Tamura alikuja na suti na tai, joto la Muscat mnalijua. Alivua viatu. Ubani ukawashwa. Akapiga magoti kwenye ukingo wa hodhi, sisi watatu tukamsaidia kuibeba, akaiteremsha. Ilikaa sawasawa, haikuinama hata kidogo. Ami Khalfan akasema alhamdulillahi, mkono ukaanza kwenda kwenye halwa.

Bwana Tamura aliizungusha meli polepole majini aione kila upande. Ilipofika shetri akasimamisha mkono.

"Ninaomba kujua," akasema. "Hiki ni kitu gani?"

Mimi nikatazama ubani. Ochieng akatazama mawingu, na siku ile hayakuwako.

"Zuli," akasema Ami Khalfan.

"Zuli ni ya nini?"

"Ya haja. Mchoro wako haukuwa na choo. Tukaona aibu kukuuliza."

Bwana Tamura akainama, uso karibu na maji. Kwa ukucha akafungua kile kimlango. Akatazama ndani. Akatoa kijiti cha meno mfukoni, akakipitisha kwenye tundu, kikatokea chini. Kisha akaweka kidole kwenye kifuniko cha ngazi, na kutoka hapo akakisogeza hadi mlangoni mwa zuli. Palikuwa karibu, kidole hakikuhitaji kuinuka.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani tumemuudhi. Ami Khalfan naye alidhani hivyo, maana alisema harakaharaka, "Tutaitoa, bwana, dakika moja tu, Zuwena lete patasi."

"Usiiguse!" Ndiyo mara pekee niliyopata kumsikia akipaza sauti. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, vyote pamoja, tai imeingia majini. "Anapanda kufanya nini! Mzee Khalfan, anapanda kufanya nini!"

"Haja," akasema Ami Khalfan, bado hajaelewa.

"Hata vitani?"

Ochieng akamjibu. "Boss, mtu akibanwa amebanwa. Haiangalii vita."

Na aliye ndani ya zuli, wanangu, tayari yuko nje ya meli. Mlango mmoja tu, na chini yake bahari. Kombora likipiga chumba cha mashine wakati huo, yeye anajikuta majini amefunga suruali nusu, lakini yuko hai. Mimi nililielewa hilo nikiwa na kipande cha halwa mkononi, nikakirudisha sahanini.

Bwana Tamura hakuondoka siku hiyo mpaka alasiri. Aliomba chaki, akaandika kwenye sakafu ya ua wetu. Yeye mtu wa mabomba, hapo alikuwa nyumbani kwake. Vyoo vya ndani vinahitaji mabomba, matangi, pampu, vyote chuma, vyote uzito, na mwisho wa vita chuma hakikuwako. Viondoe vyote, mabaharia wote watumie zuli, na meli inakuwa nyepesi juu, inasimama vizuri, na chuma kilichookolewa kinatosha kuongeza mzinga wa kupigia ndege. Haikuwa huruma tena, ilikuwa ubunifu wa meli. Akasema Hakimu hatakuwa na pa kushika.

Hakimu alikuwa na pa kushika. Majibu yalikuja kwa faksi, na Bwana Tamura alikuwa akituletea akitafsiri papo hapo huku amesimama. Hakimu alisema jeshi la wanamaji lisingekubali, ni kinyume cha heshima. Ochieng akasema mwambie heshima ni ya wakati wa amani. Ikapelekwa. Hakimu akasema mawimbi yatazing'oa. Ami Khalfan, ambaye alishaanza kuichukulia kama kesi ya kwake mwenyewe, alieleza namna zuli inavyofungwa jahazini, mti gani unapita wapi, na Bwana Tamura akaichora. Ikapelekwa. Kwa miezi karakana yetu ilikuwa ikisubiri faksi kutoka Japani juu ya vyoo, na kazi za watu zikichelewa. Bwana wa Bawshar alikuja kuuliza meli yake ya pili, Ami Khalfan akamwambia avumilie, kuna mtu anajaribu kuokolewa.

Kisha mkataba wa Bwana Tamura ukaisha. Aliichukua manowari yake ndani ya sanduku tulilolitengeneza, akatuaga mmoja mmoja, akaenda, hukumu ikiwa bado haijatoka. Tulingoja. Faksi ya karakana ilikufa kwa unyevu, na mpya tuliyonunua ilikuwa na namba nyingine. Ndivyo watu wanavyopotezana.

Miaka ikapita. Ami Khalfan alifariki, Mungu amrehemu, akiwa na msasa kwenye mfuko wa kanzu. Nililia mpaka nikaugua. Ochieng akarudi Kisumu akafungua duka la rangi. Mimi nikawa mwenye karakana, na bandari nayo ikaanza kupokea meli zile kubwa za watalii zinazofanana na majengo ya ghorofa ya Ruwi yaliyolala. Asubuhi moja, katika miaka ya elfu mbili, mzee mmoja mwenye mkongojo alisimama mlangoni, akavua viatu.

"Hujambo, Bi Zuwena," akasema. "Ninaomba kumwona Mzee Khalfan."

Nikamwambia. Alikaa chini pale pale kizingitini, akainamisha kichwa, na mimi nikakaa karibu yake. Baadaye nikamtilia kahawa, naye akanieleza yaliyobaki.

Hakimu alikubali mwishowe. Alikubali zuli, mti wake na hesabu ya chuma. Aliandika kwamba katika miaka yote hakuwahi kuona kruza nyepesi ya ajabu kama ile, na kwamba ilisimama majini vizuri. Meli ilishambuliwa kwa dadu kama desturi, ikazama. Ikabaki hesabu ya mtu mmoja. Hakimu alisema: sababu ya kupanda ipo, lakini kama alikuwa amepanda saa hiyo au yuko chini, hilo si la kuamuliwa na mimi wala wewe. Dadu itaamua. Tupa mara moja tu. Ikitoka sita, alikuwa kwenye zuli.

"Ikatoka ngapi?" nikauliza.

Bwana Tamura akafungua kiganja. Ilikuwa dadu ndogo ya mfupa, imegeuka rangi ya manjano.

"Sijatupa," akasema. "Hakimu alikufa akiningoja. Wenzangu wamezeeka, wengine hawapo. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Lakini nikitupa ikatoka mbili, Isamu atarudi chini, Bi Zuwena. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemrudisha. Nilikuja ili Mzee Khalfan anitupie. Nilifikiri mkono wake una bahati." Akaninyooshea. "Zuli ulichonga wewe. Tupa wewe."

Niliichukua. Ilikuwa na joto la kiganja chake. Nawaambia kweli, niliogopa kuliko siku niliyojifungua. Nilimtazama yule mzee, umri wake ulishaupita wa kaka yake mara nyingi, miguu yake ndani ya soksi kizingitini kwangu, na nikajiuliza Ami Khalfan angefanya nini. Angefanya asichoambiwa.

"Bwana Tamura," nikamwambia, "ule mlango wa zuli uliuacha wazi au umefungwa?"

Akafikiri. "Umefungwa. Naufuta vumbi kila wiki, siufungui."

"Basi mwache. Mtu akiwa chooni hagongewi."

Akacheka kile kicheko cha siku ya kushua, chenye machozi ndani yake, na safari hii tai hakuwa nayo. Alikunywa kahawa yote na halwa akala. Alipoinuka kwenda zake nilimwinamia kumsaidia viatu, na nikamrudishia dadu, akaikataa. Akasema kwangu ndipo pa salama, karibu na mtu anayejua.

Meli ya watalii iliyomleta iliondoka alasiri. Nilipanda darini kuitazama ikigeuka, ghorofa juu ya ghorofa, taa kila dirisha. Nikaiangalia shetri kwa mazoea. Hamna kitu, chuma kitupu. Nikasikitika kidogo kwa ajili ya abiria.

Basi ndiyo hiyo, wanangu, iliyomo kwenye droo ya tupa. Nasikia mnaitumia kuinulia ubao wakati gundi inakauka, kwa kuwa pande zake ziko sawa. Endeleeni kuitumia, haina neno. Mkiletewa mchoro na mteja, tafuteni kwanza choo, na msipokiona msimuulize. Lakini dadu hiyo asiitupe mtu, hata kwa mchezo. Kuna mtu ndani.